Aliyekuleta Hamiliki Jasho Lako

Kadi ya kijani ikishatoka kwa jina lako ni yako. Si ya wakala aliyekutafutia kazi, si ya mwajiri aliyejaza fomu, wala si ya wakili aliyelipwa na mwajiri huyo. Naanza hapo kwa sababu wauguzi wenzangu kutoka Kenya wanaonipigia simu, wengine wakiwa hapa Minnesota, wengine Texas na Ohio, karibu wote huanza kwa swali moja: "Dada, nikiacha kazi, si watanirudisha nyumbani?" Ukimsikiliza mpaka mwisho unakuta hajalipwa. Saa zake zimekatwa, au analipwa chini ya mkataba, au malipo yake ya mwisho yamezuiwa. Lakini la pesa hulitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, nikatumikia hospitali ya kaunti huko Pwani, kisha nikaingia Marekani kwa visa ya kazi ya daraja la tatu, ile inayoitwa EB-3. Njia hiyo inafaa ieleweke, maana hofu nyingi zinatokana na kutoijua.

Sheria ya Marekani inatenga takriban visa 140,000 za ukaazi wa kudumu kwa mwaka kwa ajili ya wafanyakazi wa dunia nzima, na ndani ya hesabu hiyo wamo pia waume, wake na watoto wao. Mwajiri wa kawaida anayetaka kumdhamini mgeni hulazimika kwanza kuionyesha Wizara ya Kazi kwamba alimtafuta Mmarekani wa kuifanya kazi hiyo na hakumpata. Kwa muuguzi hatua hiyo imeondolewa, kwa kuwa wizara yenyewe imekwisha kukubali kwamba wauguzi ni haba. Lakini jambo la mshahara halikuondolewa. Mwajiri lazima apate kutoka wizarani kiwango cha mshahara wa kazi ile katika eneo lile, na aahidi kulipa kiwango hicho au zaidi. Ahadi hiyo ndiyo inayoingia katika ombi lake kwa idara ya uhamiaji, USCIS. Bila hiyo, ombi halipiti.

Upande wangu nilikuwa na mzigo wangu: mtihani wa leseni wa NCLEX, ambao niliusafiria hadi Johannesburg, mtihani wa Kiingereza, na cheti cha VisaScreen kinachothibitisha kwamba masomo yangu yanalingana na yao. Kisha kungoja. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jedwali la visa lenye tarehe, na kama tarehe yako haijafikiwa, unakaa. Wakati mwingine tarehe hurudi nyuma. Anayengoja hivyo, huku ameuza kiwanja au amekopa kwenye sacco, hujifunza kumwona mwajiri wake kama mtu aliyeshika uzi wa maisha yake. Ni hali ya kueleweka. Ila uzi huo hukatika siku ya kuingia.

Visa ya mhamiaji niliyobandikiwa baada ya mahojiano katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, ilikuwa na maandishi kwamba, ikishagongwa muhuri uwanjani, ni uthibitisho wa ukaazi wa kudumu kwa mwaka mmoja. Yaani afisa alipogonga muhuri ule, nilikuwa tayari mkaazi wa kudumu, hata kabla ya kadi yenyewe kutumwa kwa posta. Sikuwa mfanyakazi wa muda anayeishi kwa hisani ya kampuni. Hakuna aliyenieleza hivyo kule kazini, na sitarajii wangefanya hivyo. Badala yake niliombwa niandike anwani ya ofisi yao ili kadi ifikie huko, "kwa usalama." Nikaandika anwani ya binamu yangu, Brooklyn Park. Namshauri kila anayekuja afanye vivyo hivyo. Kushika pasipoti au kadi ya mtu ili abaki kazini ni jinai katika sheria ya shirikisho ya Marekani.

Sasa kazi yenyewe. Makao ya wazee, zamu ya jioni, saa nane na nusu kwa zamu, siku tano kwa wiki. Mkataba niliousaini nikiwa Kenya ulisema dola 36 kwa saa. Hati ya kwanza ya mshahara ikaonyesha dola 30. Nikauliza. Nikaambiwa ni kiwango cha mafunzo, kitapanda. Mafunzo yenyewe yalikwisha mapema nikaachiwa ukumbi mzima wa wagonjwa, mimi na wasaidizi wawili, lakini kiwango kikabaki pale pale, mwezi baada ya mwezi.

Na kulikuwa na nusu saa ya chakula. Mashine ya saa iliikata yenyewe kila zamu, ule usile. Mtu ambaye hajafanya kazi katika makao ya wazee huenda asione uzito wake. Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya dawa, ya sindano za insulini, na ya bibi mwenye kusahau anayetaka kwenda nyumbani kwa mama yake aliyefariki zamani. Muuguzi akiwa peke yake, nani atampokea ili akale? Nilikuwa nikila ndizi nimesimama kando ya toroli la dawa, sikio likiwa kwenye kengele. Kanuni za shirikisho ziko wazi: mapumziko ya chakula hayalipiwi tu pale mfanyakazi anapokuwa ameachiliwa kabisa kazi zake. Ukila huku unasikiliza kengele, uko kazini, na unapaswa kulipwa.

Tupige hesabu. Dola 6 pungufu kwa saa, mara saa 40, ni dola 240 kwa wiki. Nusu saa tano ni saa mbili na nusu, na kwa kuwa zinavuka saa 40 za wiki, Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938 inataka zilipwe mara moja na nusu. Kwa kiwango cha mkataba hiyo ni dola 54 kwa saa, jumla dola 135. Zijumlishe: dola 375 kila wiki. Hiyo ilikuwa kodi yangu ya nyumba na karo ya mdogo wangu, na kwa wiki nne inavuka mshahara wa mwezi wa wauguzi wengi niliowaacha Kenya.

Kwa nini basi mtu hukaa? Niliporudi kulitafakari swali hili, niliona majibu mawili, na yote mawili yamo katika watu wetu.

La kwanza ni Ghuba. Dada yangu mkubwa alifanya kazi za nyumbani Riyadh. Kule, chini ya kafala, mwajiri ndiye kibali chako. Akiripoti kwamba umetoroka, unageuka mhalifu siku hiyo hiyo, hata kama umetoroka njaa na kipigo, na hata kama hakudai chochote, bali wewe ndiye unayemdai mishahara. Saudi Arabia ililegeza baadhi ya masharti hayo Machi 2021, wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wakaruhusiwa kubadili mwajiri, lakini watumishi wa majumbani waliachwa nje ya mabadiliko hayo. Familia za Pwani zimeishi na hadithi hizi kwa miaka mingi. Kwa hiyo mama yangu aliposikia nataka kumwacha mwajiri, alilia. Kichwani mwake aliona Riyadh. Nilimwambia, "Mama, huku si kule," lakini sikulaumu machozi yake.

La pili ni shukrani, na hili ni zito zaidi. Mama mmoja wa kanisani, mtu wa Kisii aliyekaa Minnesota miaka mingi na aliyenipa koti langu la kwanza la baridi, aliniketisha jikoni kwake akaniambia, "Mwanangu, vumilia. Huyo ndiye aliyekuleta. Mtu hamtupi aliyemvusha mto." Nampenda na namheshimu mama yule mpaka leo. Hata hivyo nasema wazi kwamba katika jambo hili hakuwa sahihi. Mwajiri hakunileta kwa huruma. Alikuwa na vitanda vya wagonjwa na hana muuguzi, sheria ilimtaka awe na idadi fulani ya wafanyakazi, akatafuta nje. Alipata alichokitaka, na mimi nilipata nilichokitaka, na bei ya mapatano hayo iliandikwa: dola 36 kwa saa. Shukrani nilikuwa nayo. Niliionyesha kwa kufika kwa wakati na kuwageuza wazee wale kitandani ili ngozi zao zisichubuke. Haiwezi kukatwa kwenye mshahara.

Tena utamaduni huu wa kuvumilia unamnufaisha mtu mmoja tu, na unamwandalia njia ya kumpunja muuguzi atakayekuja baada yako.

Twende kwenye sheria. Visa ya kudhaminiwa na mwajiri inasimama juu ya nia: mwajiri awe na nia ya kweli ya kukuajiri kwa masharti aliyoyaandika, nawe uwe na nia ya kweli ya kufanya kazi ile. Nia hiyo hupimwa pale unapoupata ukaazi. Mtu anayeshuka kwenye ndege na kwenda moja kwa moja kwa mwajiri mwingine, hajakanyaga hata mlango wa aliyemdhamini, anajiweka hatarini, kwa sababu anaweza kushukiwa kwamba alidanganya tangu mwanzo. Lakini aliyefika, akafanya kazi, akapunjwa, akaondoka, nia yake imeonekana. Aliyevunja masharti ni mwingine. Mtaani utasikia kwamba lazima ukae miezi sita, au mwaka, au miaka mitatu. Sheria ya uhamiaji haitaji idadi yoyote ya miezi. Kukaa muda fulani husaidia kuonyesha nia, basi, na kutolipwa mshahara ni sababu nzuri ya kuondoka kuliko nyingi.

Je, mwajiri anaweza "kufuta" kadi yako? Hapana. Anaweza kuandika barua, anaweza kulalamika. Mkaazi wa kudumu hapokonywi ukaazi kwa barua ya bosi wake. Ana haki ya kusikilizwa mbele ya jaji wa uhamiaji, na serikali ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha. Kitisho cha "tutawapigia uhamiaji" ni kitisho tu, tena kikitumiwa kumzuia mtu asidai mshahara, chenyewe huweza kuwa kosa.

Kitisho cha pili nilichopewa ni pesa. Mkataba ulikuwa na kifungu kwamba nikiondoka kabla ya muda kwisha nitalipa dola 20,000. Wauguzi wengi wana kifungu hiki, na wengi wamelala nacho macho. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho huko Brooklyn, New York, iliamua kesi ya wauguzi wa Kifilipino ambao mikataba yao ilikuwa na adhabu ya dola 25,000 na ambao hawakulipwa kiwango cha mshahara kilichoahidiwa. Jaji alisema adhabu ile haiwezi kudaiwa, na kwamba kuitumia kuwashikilia wafanyakazi kunavunja sheria ya mwaka 2000 ya kuwalinda watu dhidi ya usafirishaji haramu na kazi ya kulazimishwa. Soma tena sentensi hiyo. Muuguzi mwenye leseni, mwenye kadi ya kijani, anaweza kuwa katika kazi ya kulazimishwa, kwa sababu minyororo inaweza kuwa deni. Hukumu hiyo haimaanishi kwamba kila kifungu cha namna hiyo ni batili. Mikataba inatofautiana, na kiasi kinachofidia gharama halisi si sawa na adhabu. Ndiyo maana mkataba upelekwe kwa wakili kabla ya kuogopwa. Mimi niliupeleka kwenye shirika la msaada wa kisheria, bila malipo. Wakili aliusoma, akaniuliza, "Wamekulipa kinachosemwa hapa ukurasa wa pili?" Nikasema hawajalipa. Akasema, "Basi wao ndio wa kwanza kuuvunja."

Kuondoka kwenyewe kuna namna yake, na kwa muuguzi namna hiyo ni muhimu kuliko kwa wengi. Usiondoke katikati ya zamu hata ukiwa na hasira kiasi gani. Kuwaacha wagonjwa bila kuwakabidhi kwa muuguzi mwingine kunaweza kukufikisha mbele ya bodi ya leseni, na leseni ndiyo shamba lako. Maliza zamu, kabidhi wagonjwa, kabidhi funguo za dawa, kisha toa notisi kwa maandishi. Katika barua yangu niliandika sababu kwa sentensi chache: kiwango cha mkataba ni hiki, ninacholipwa ni hiki, niliuliza tarehe hizi, sikurekebishiwa. Nakala nikabaki nayo. Karatasi ile ilikuja kunifaa sana.

Kabla ya notisi nilikusanya ushahidi nyumbani: mkataba, barua ya ofa, hati zote za mshahara, picha za ratiba ya zamu, jumbe za simu nilizomtumia msimamizi kuhusu malipo, na daftari nililoandikia saa za kuingia, kutoka, na kama nilikula. Daftari la mkono lina uzito, hasa pale rekodi za mwajiri zinapokuwa na kasoro. Lakini usipige picha ya faili la mgonjwa ili kuthibitisha kwamba ulikuwa kazini. Siri za wagonjwa zinalindwa na sheria kali, na utajikuta mshtakiwa katika kesi ambayo ulikuwa mdai.

Waliponiita kuchukua malipo ya mwisho, waliweka mbele yangu karatasi inayosema kwamba sina dai lolote tena. Sikuisaini. Mshahara ulioufanyia kazi haununuliwi kwa saini ya kuusamehe mwingine.

Kisha malalamiko. Hapa watu huchanganya. Saa za ziada na kima cha chini ni kazi ya Wizara ya Kazi ya shirikisho, kupitia kitengo chake cha mishahara na saa za kazi. Tofauti kati ya dola 36 na 30 ni jambo la mkataba na la sheria ya jimbo. Minnesota ina Idara ya Kazi na Viwanda, na tangu 2019 ina sheria ya wizi wa mishahara inayomlazimu mwajiri kukupa kwa maandishi, mwanzoni mwa kazi, kiwango chako cha malipo. Majimbo mengine yana ofisi zenye nguvu, mengine ni dhaifu, na huko mahakama ya madai madogo au wakili ndiyo njia. Nilikwenda kote kuwili. Kulalamika hakulipiwi, hawaulizi hadhi yako ya uhamiaji, na wana wakalimani. Mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwa kulalamika. Sheria ya shirikisho inaruhusu pia fidia ya kiasi kingine sawa na saa za ziada ulizonyimwa.

Walinilipa saa za ziada zote. Tofauti ya kiwango tulisuluhisha kwa chini ya ninachoamini nilistahili, na bado naona ni haki nusu. Zile dola 20,000 hawakunidai tena. Wenzangu watatu waliobaki pale, ambao hawakulalamika, walipandishiwa kiwango baada ya wakaguzi kupita.

Mwaka wa tano nilipoomba uraia, fomu ilitaka waajiri wangu wote wa miaka mitano. Afisa aliniuliza mbona nilimwacha aliyenidhamini. Nikampa nakala ya barua ya notisi, hati za mshahara na barua ya malipo kutoka wizarani. Alisoma, akaendelea na swali la Katiba.

Niongeze neno kwa wale ambao hawako katika hali yangu, maana si sawa. Aliye kwenye visa ya muda ya H-1B bado amefungwa na mwajiri: akiacha kazi ana hadi siku 60 za kupata mwingine au kubadili hadhi. Huyo naye ana haki ya mshahara ulioandikwa, hata zile wiki anazowekwa bila kazi kwa sababu kampuni haina mradi, na malalamiko yake kwa wizara yapelekwe ndani ya miezi 12. Aliyekwisha kuomba kadi akiwa ndani ya Marekani na ombi lake limekaa siku 180 au zaidi, huku ombi la mwajiri limekubaliwa, anaweza kuhamia mwajiri mwingine kwa kazi ya aina ile ile au inayofanana nayo. Sheria hiyo ni ya mwaka 2000. Na anayedhaminiwa kwa kazi ambayo bado hajaianza ajue kwamba mshahara wa kwenye ombi la kadi ya kijani ni ahadi ya kazi ya baadaye: kwa kawaida huanza kudaiwa anapokuwa mkaazi, si tangu siku fomu ilipopelekwa. Watu hupiga hesabu za uongo hapo, wakapoteza hata dai la kweli.

Kwako uliye kazini leo na mshahara pungufu, kitu kisichokungoja ni muda. Dai la saa za ziada kwa sheria ya shirikisho hufa baada ya miaka 2, au 3 ikiwa mwajiri alikusudia, na hufa wiki kwa wiki: wiki ya zamani zaidi uliyoinyamazia ndiyo inayoanguka kwanza. Toa hati zako za mshahara usiku huu, uziweke kando ya mkataba, upige hesabu. Zisipolingana, piga 1-866-487-9243, useme unataka mkalimani wa Kiswahili.